Forester SG5 XT ya kila siku: niongeze nguvu kiasi gani bila kuua injini?

Kijichi_XT

Habari za jioni wakuu. Nina Subaru Forester SG5 XT ya 2005, yaani ile yenye turbo, injini EJ205, gia boksi otomatiki ya gia nne, dashibodi inasoma kilomita 148,000. Gari hii ndiyo ya kazini kila siku, Kijichi hadi Posta na foleni zake zote, na mara mbili tatu kwa mwaka inapanda Iringa ikiwa na familia na mizigo. Ugonjwa ninaoujua haina. Inawaka vizuri, temperecha inakaa pale pale, oili inapungua kidogo sana kati ya sevisi na sevisi.

Ninachotaka ni nguvu ya ziada ya kupita malori kati ya Chalinze na Mikumi, nisikae upande wa wenzangu muda mrefu. Fundi amenipa orodha: filta ya wazi, blofu (valvu) ya kutoa hewa ya turbo nje, ekzosi nzima ya inchi 3 kuanzia kwenye turbo, halafu busti, yaani mgandamizo wa hewa inayosukumwa na turbo, ipandishwe hadi bar 1.2 kwa kontrola ya mkono. Rimapu (kupanga upya mapu ya cheche na mafuta kwenye kompyuta ya injini) anasema siyo lazima, kontrolboksi, yaani hiyo kompyuta, itajirekebisha yenyewe.

Bajeti ni milioni 4, na gari lingine sina, kwa hiyo ikilala gereji wiki mbili nimekwama. Nianzie wapi, niishie wapi?

Bokser_Mikocheni

Mkuu, usinunue chochote kwenye hiyo orodha kwanza. Kuna jambo linatangulia, na wengi wenye XT hawaambiwi.

Gari yako imeshapangwa kwa mafuta mazuri kuliko unayoweka. XT ya Japani ilipigiwa mahesabu ya petroli ya daraja la juu kule kwao, oktani 100. Pampu zetu hazifiki hapo. Maana yake injini iliyo kama ilivyotoka kiwandani, ukiikanyaga mchana wa Dar huku intakula, kile kipoza hewa ya turbo, imeshapikwa na foleni, tayari inaishi ukingoni. Kinachoiokoa ni sensa ya noki: kontrolboksi ikisikia mlio inarudisha nyuma muda wa cheche. Ukiongeza busti juu ya hali hiyo bila kugusa mapu, ile akiba kidogo iliyobaki ndiyo unaila.

Nifafanue neno, maana linachanganya. Fundi akikwambia injini "imenoki" mara nyingi anamaanisha beringi za konrodi zimekwisha. Noki ninayoisema hapa ni ya mwako. Cheche imeshawasha, moto unasambaa, halafu mchanganyiko uliobaki pembeni unalipuka wenyewe kwa joto na mgandamizo kabla moto haujaufikia. Pistoni za EJ205 ni za kumimina, siyo za kufuliwa, na kinachovunjika ni kingo nyembamba kati ya ringi na ringi. Silinda namba 4, ile ya nyuma kushoto, ndiyo hupata joto zaidi na mara nyingi ndiyo hutangulia. Kwa miezi utaona oili inapungua na moshi kidogo wa bluu. Siku ukipima kompresheni, tatu ziko sawa na moja iko chini.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya milioni 4 iende kwenye afya ya gari. Mpangilio ambao ningeufuata ni huu.

Pima kompresheni injini ikiwa moto, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya petroli imetolewa, akseleta imekanyagwa hadi mwisho. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi asilimia 10. Kama kuna yenye mashaka, fanya kipimo cha kuvuja kwa kuingiza hewa ya kompresa: chini ya asilimia 10 ni nzuri, ikipita 20 achana na habari ya kuongeza nguvu mpaka injini ifunguliwe. Sikiliza hewa inatokea wapi. Kwenye kishimo cha oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Kisha tafuta hewa inayovuja upande wa kuingilia. Hapa ndipo XT nyingi zimepotezea nguvu ambayo wenyewe wanataka kuinunua upya. Kuna mpira mkubwa unaotoka boksi la filta, unapita chini ya manifoldi na kuingia turbo. Kwa umri huu unakauka na kupasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Ziba mdomo wa mpira huo upande wa filta kwa kizibo chenye valvu ya tairi, ingiza hewa taratibu hadi psi 10, pulizia maji ya sabuni. Kwenye ufa utaona mapovu madogo meupe yanajipanga kama uzi. Angalia pia maungio ya intakula na kile kivalvu cha kurudisha hewa kilichokaa juu yake. Ukiziba hivi tu, gari inaweza kuamka mpaka ujiulize kama bado unahitaji hayo mengine.

Taimingi belti: kama huna ushahidi kwamba imebadilishwa, ihesabu haijabadilishwa. Kwa Japani ni kilomita 100,000. Badilisha pamoja na roli zote, tenshona na pampu ya maji, kwa sababu EJ ikikata belti valvu zinakutana na pistoni.

Plagi weka NGK PFR6G halisi, uwazi milimita 0.75, kaza kwa Nm 21 hedi ikiwa baridi. Hedi ni ya aluminiamu. Mtu akikaza kwa nguvu za mkono anaharibu uzi. Kama utarimapu na kukanyaga sana, shuka daraja moja la joto uweke PFR7G.

Kupoza: kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, siyo maji ya bomba. XT ina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tenki dogo la chuma juu ya injini. Havifanani mgandamizo. Visibadilishwe nafasi, na kujaza kunafanyika kwenye lile tenki dogo, huku ukifungua skrubu ya kutolea hewa juu kwenye kona ya rejeta. Injini hizi ni za kulala, hewa ikinasa ndani inaunguza hedi huku geji ya dashibodi imetulia, na geji hiyo imetengenezwa kutulia. Weka kipimo kinachosoma digrii kupitia OBD, soketi ya kusomea kompyuta ya gari.

Oili ya sinthetiki 5W-40, lita 4 hivi pamoja na filta, kila kilomita 5,000. Stiki ichungulie kila unapojaza tenki la pili.

Hayo yakikaa sawa ndipo tuzungumze rimapu. Kwa turbo yako ndogo ya TD04 na mafuta yetu, lenga ongezeko la farasi 15 hadi 25 juu ya 220 za kiwandani, sehemu kubwa yake katikati, kwenye mizunguko 2,800 hadi 4,500. Ndiyo sehemu unayotumia kupita lori.

Turbo_Nakuru

Mwenzangu hapo juu ameeleza vizuri. Niongeze la mapu, kwa sababu ile kauli ya "kontrolboksi itajirekebisha yenyewe" ndiyo imejaza yadi za makanika injini zilizokufa.

Ni kweli inajirekebisha, lakini ndani ya mipaka. Kontrola ya mkono inaidanganya westigeti tu, yaani kile kilango kinachopitisha moshi pembeni ya turbo ili busti isizidi. Kompyuta ina majedwali ya muda wa cheche na mafuta yaliyopangwa kwa mzigo fulani; ukipita safu ya mwisho ya jedwali, inatumia hiyo hiyo ya mwisho kana kwamba mzigo haujaongezeka. Hapo cheche inatangulia kupita inavyofaa. Sensa inasikia noki, inarudisha nyuma, inajaribu tena, inasikia tena. Kila jaribio ni kipigo kwenye pistoni.

Filta ya wazi nayo ina shida yake. Gari hupima hewa kwa sensa ya MAF iliyo ndani ya bomba la kipenyo maalumu. Ukibadilisha bomba, hewa ile ile inapita kwa kasi tofauti mbele ya sensa. Bomba pana zaidi litaifanya isome hewa kidogo kuliko iliyopo, mafuta yatapungua, na mchanganyiko mkavu ukiwa na busti ni joto tupu. Zile filta za pamba zilizopakwa oili zikipakwa kupita kiasi, oili inakwenda kukaa kwenye waya wa sensa. Tena boneti ikiwa imefungwa zinavuta hewa moto. Kwa vumbi la barabara zetu, boksi la kiwandani na filta mpya ya karatasi ni bora.

Ukipata mtu wa kurimapu, muulize atakuonyesha logi gani. Kwa Subaru za miaka hiyo kuna programu ya RomRaider, haina malipo, na kebo ya Tactrix OpenPort 2.0. Kabla hajagusa kitu arekodi mizunguko, busti, muda wa cheche, joto la hewa inayoingia, na thamani tatu za noki: FBKC, ambayo ni marekebisho ya papo hapo, FKL, yale iliyojifunza na kuyaweka, na IAM, imani ya jumla ya kompyuta kwa mafuta yako. IAM kwenye kontrolboksi nyingi inasomeka kwa kipimo cha 0 hadi 1 au 0 hadi 16, kutegemea aina. Iko juu kabisa? Vizuri. Imeshuka kwenye gari ambalo halijaongezwa chochote? Basi limeshakuambia kwamba mafuta, plagi au hewa inayovuja inalisumbua, na hakuna sababu ya kuendelea.

FBKC ikitoa digrii 1.4 mara moja pale gia inapobadilika, si msiba. Ikirudi mzunguko ule ule kila unapokanyaga, au ikifika 2.8 na zaidi, mapu hiyo haifai hata kama daino, mashine ya kupima nguvu, imetoa namba tamu. Mchanganyiko ukiwa umekanyaga hadi mwisho uwe kama hewa 11 kwa petroli 1, upimwe na geji ya widebandi, kwa sababu sensa ya kiwandani haikutengenezwa kupima huko. Nozo zisizidi asilimia 85 ya muda wa kufunguka.

Na jambo la mwinuko. Nyinyi wa pwani mnasoma ushauri wa watu wa huku, na sisi tunasoma wenu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ina mgandamizo wa kama kPa 83, Dar ni 101. Busti ya bar 0.9 kwa Dar ina maana turbo inabana hewa mara 1.9. Geji ikionyesha 0.9 hiyo hiyo Nairobi, turbo inabana mara 2.1, inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka moto zaidi, ilhali injini inapata hewa kidogo kuliko Dar. Kwa hiyo usinakili namba ya busti ya mtu bila kujua yuko wapi. Hata kompresheni: silinda inayosoma psi 160 kwa Dar itasoma kama 130 Nairobi na ni nzima kabisa. Gari lako linakwenda Iringa, mji ulio juu pia, basi mapu iachwe na busti inayodhibitiwa na kompyuta. Kompyuta inajua mgandamizo wa hewa ya nje. Kontrola ya mkono haijui.

Pawa_Tabata

Mimi sioni shida ya blofu. Gari nyingi mjini zinayo na zinatembea. Na ekzosi ya inchi 3 lazima inasaidia, turbo inapumua.

Bokser_Mikocheni

Zinatembea, kweli. Ila angalia kinachotokea mguu ukitoka kwenye akseleta. Hewa iliyokwisha pimwa na MAF inatupwa nje, kompyuta imeshaitengea mafuta, mafuta hayo yanaingia bila hewa yake. Ndiyo ule moshi mweusi mdogo kila gia inapobadilika, plagi nyeusi, na gari kutaka kuzima ukifunga breki kwenye taa. Anayelipa ni katalisti na kituo cha mafuta. Kivalvu cha kiwandani kinaurudisha upepo huo nyuma ya sensa, na kwa busti ya TD04 kinatosha kabisa kikiwa hakivuji.

Ekzosi nakubaliana nawe kwa nusu. Kipande kinachobana ni kile cha kwanza kutoka turbo. Lakini kwa turbo ndogo kama hii, ukifungua ekzosi yote bila mapu, tundu la westigeti linazidiwa: moshi unaoendesha turbo unakuwa mwingi kuliko linavyoweza kupitisha, busti inapanda yenyewe juu ya ulichopanga, hasa mizunguko ya juu na usiku wa baridi. Utagundua pale kompyuta inapokata mafuta ghafla huku uko sambamba na lori. Kwa hiyo daunpaipu (kile kipande cha kwanza) na rimapu ziende siku moja, au zisiende. Sehemu ya nyuma ya ekzosi iache ilivyo. Saa mbili za foleni na mvumo wa inchi 3 kwenye mizunguko 2,000 zinachosha, na mtoto aliyelala siti ya nyuma hatalala.

Gia_Nne_Arusha

Nimesubiri mtu ataje gia boksi sijaona. Mkuu Kijichi_XT, otomatiki yako ndiyo itaamua mwisho wa hiyo nguvu. Ikiwa na afya itabeba hizo farasi 20 bila neno. Oili yake ikiwa imeungua, busti kidogo tu inatosha kuimaliza.

Chomoa stiki ya gia boksi injini ikiwa inaunguruma, paka oili kwenye tishu nyeupe. Nyekundu inayong'aa ni salama. Kahawia yenye harufu ya kitu kilichoungua, anza hapo kabla ya kununua chochote. Ukifungua nati ya chini zinatoka kama lita 4 tu, nyingine zinabaki ndani ya konveta na mirija, kwa hiyo mwaga na ujaze mara tatu, ukiendesha siku chache katikati. Ina filta ya nje ya kuzungusha, kama ya injini, upande wa mbele kushoto. Mafundi wengi hawaijui.

Simama pale fundi anapofungua. Chini ya Subaru otomatiki kuna nati tatu zinazokaribiana: ya oili ya injini, ya gia boksi na ya difu ya mbele. Difu ya mbele ina oili yake peke yake, 75W-90, lita 1.2, na stiki yake ndogo upande wa pili. Kosa la kawaida ni kumwaga ya gia boksi kwa kudhani ni ya injini, halafu kuongeza lita 4 juu ya oili ya injini iliyojaa. Gari inatoka gereji ikiwa na injini iliyofurika na gia boksi kavu. Ikitoka nyekundu, mwambie aache.

Tairi zote nne ziwe za aina moja na uchakavu unaolingana. Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi milimita 6 hivi. Mbili mpya na mbili kipara zinaila klachi ya nyuma taratibu. Kupima: eneo tambarare, kata kona usukani ukiwa mwisho, gari ikisita na kuruka-ruka kama breki ya mkono imeshikwa, weka fyuzi kwenye kishimo kilichoandikwa FWD ndani ya boneti. Ikiacha kusita, klachi ya kugawa nguvu ndiyo inashika.

Breki kabla ya nguvu. Fluidi ya DOT 4 mpya inachemka digrii 230, ikishanyonya unyevu inashuka hadi 155. Ya miaka mitatu iliyokaa kwenye joto la Dar na mteremko wa Kitonga ukiwa na mizigo, pedali itazama. Badilisha fluidi yote na uweke pedi nzuri.

Kijichi_XT

Wakuu nimenufaika sana, nimeandika kila kitu. Mambo mawili yamebaki. Moja, dawa za kuongeza oktani zinazouzwa kwenye chupa, zinasaidia? Mbili, ile intakula ya juu, nibadilishe niweke ya mbele kwa ajili ya Kitonga?

Turbo_Nakuru

Chupa: soma maandishi vizuri. Wakisema inaongeza "pointi 30" wanahesabu sehemu za kumi, yaani ni oktani 3, tena mara nyingi kwa tenki dogo kuliko lako. Nyingi zina manganizi, inayoacha utando mwekundu-kahawia kwenye plagi na sensa ya oksijeni. Kama mapu itategemea chupa, siku utakayoisahau ndiyo siku utakayokuwa kwenye mlima. Irimapiwe kwa mafuta ya kawaida unayonunua kituo unachokiamini. Hata ikipoteza farasi tano, iache hivyo.

Bokser_Mikocheni

Intakula ya juu iache. Ya mbele inaongeza mita za mabomba, inaziba upepo wa rejeta na wa kondensa ya AC, na kwa foleni ya Mbagala kondensa unaihitaji kuliko farasi. Hakikisha ule mpira unaoziba kati ya boneti na intakula upo mzima. Ukiwa umechanika, upepo wa kwenye boneti unapita pembeni badala ya kupita katikati ya mapezi. Yaoshe kwa maji yenye mgandamizo mdogo, yasipinde.

Kitonga usiiache otomatiki ichague. Weka gia ya 2, mizunguko 3,000 hadi 3,800, mguu nusu. Kwa kasi ndogo na gia ya juu, turbo inajaza hewa huku pistoni zinakwenda polepole, na noki inapenda hapo hapo. Ukisoma kulanti imepita digrii 105, zima AC na upunguze mguu. Usizime injini. Ukifika juu endesha taratibu dakika mbili kabla ya kusimama. Turbo taima, kile kifaa cha kuchelewesha injini kuzima, huihitaji; turbo hii inapozwa na maji, na lile tenki la juu liko pale ili maji yaendelee kuzunguka yenyewe baada ya ufunguo kuzimwa.

Anza na kompresheni na maji ya sabuni, andika namba zote nne uzilete hapa pamoja na IAM. Daunpaipu usiinunue kabla hatujaziona.